Nimepima maji ya kisima jirani na dampo: kalamu ya Kariakoo, maabara mbili, na pesa ilivyokwenda

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Ningetoa 4 bila kusita ila kuna ile ishu ya risasi (ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki) nitaisimulia huko chini ndo ilinikata stimu, na kaka wa mapokezi naye amechangia robo yake. Majina ya maabara sitaji, mtaa pia sitaji maana majirani zangu wana wapangaji na mtu akisikia kisima cha fulani kina shida anahama kesho yake bila kulipa umeme. Ila ni huku pembezoni mwa Dar, tuko mteremkoni, dampo liko juu yetu kama mita 700 hivi, upepo ukigeuka jioni unajua wenyewe.

Nilichimba kisima mwishoni mwa 2022 kipindi kile maji ya mto Ruvu yamepungua na mgao wa DAWASA umekaza, mnakumbuka, hadi visima vya Kigamboni vikawashwa kuongezea maji mjini. Kila mtu alikua anamtafuta mchimbaji, bei imepanda, ukimpata unamshukuru Mungu unamwambia chimba hapo hapo ulipo simama. Na mimi ndo nilifanya hivyo. Mita 48, bomba la inchi 5, maji yakatoka mengi tu, meupe, ya baridi, nikaweka simtanki juu, vyumba sita vya wapangaji wanatumia na mengine nauza shingi mia kwa ndoo. Miaka miwili sijawahi kuwaza kitu. Halafu ndoo za wapangaji zikaanza kuweka rangi ya kutu chini, mmoja akasema chai ina ladha, mwingine akadai sabuni haitoi povu, na kuna mama mmoja yeye alimaliza kabisa: "haya maji si yanatoka dampo". Ile kauli ikizunguka kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga haizimwi na maelezo, inazimwa na karatasi ya maabara. Bas nikaanza safari.

Nianze na kalamu ya TDS (yaani jumla ya chumvichumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka kwenye maji) maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anakimbilia kununua. Nimeinunua Kariakoo elfu 18, inakuja na kijiboksi chekundu na kijitabu cha Kichina. Nikaichovya kwenye maji yangu ikasoma 612, nikaichovya kwa Mama Jeni jirani yangu wa chini ikasoma 1,240. We acha. Ndani ya nusu saa foleni imefika getini, Baba Shadya anapima maji ya dafu, watoto wanapima soda, mtu kaleta supu. Nyuma ya boksi kuna jedwali la rangi, ukizidi 500 ni nyekundu imeandikwa hatari, kwa hiyo mtaa mzima ukalala unajiona tumeshakufa.

Sasa ukweli wa ile kalamu ni huu, na nimeuelewa kwa kuelekezwa baadae. Haipimi sumu. Inapitisha umeme kidogo kwenye maji, maji yenye chumvichumvi nyingi yanapitisha umeme vizuri zaidi, inachukua ile namba inaizidisha kwa kadirio la kiwandani inakuonyesha "TDS". Chumvi ya aina gani haijui. Chumvi ya mezani, chokaa, mbolea, maji ya dampo, zote kwake ni umeme tu. Risasi inayotosha kumdhuru mtoto haiisogezi ile namba hata kidogo, na vimelea vya kipindupindu vinaweza kuwa vinaogelea humo na kalamu inasoma 90 safi kabisa. Na lile jedwali la rangi ni la kuuzia mashine za kuchuja maji, WHO wenyewe wanasema maji ya chini ya 600 ladha yake ni nzuri tu na yakipita 1,000 ndo yanaanza kuwa magumu kunyweka, hapo wanaongelea ladha, siyo kufa.

Ila siitupi. Nilichojifunza ni kwamba faida yake iko kwenye daftari. Unapima kila Jumamosi asubuhi, kisima kilekile, baada ya kupampu muda uleule, unaandika. Namba moja haikwambii kitu, namba 20 zikipangwa zinakwambia kama kisima kinabadilika, na kikibadilika ndo unajua sasa ni wakati wa kutoa hela ya maabara. Tena ununue na kile kichupa cha maji ya kusahihishia, kimeandikwa 1413, maana hizi kalamu baada ya miezi michache zinaanza kusema uongo. Kwa elfu 18 naipa nyota 3. Kwa jedwali la nyuma ya boksi naipa sifuri.

Maabara ya kwanza sitapoteza muda nayo. Nilipeleka maji kwenye chupa ya soda niliyosuuza, tena nilisuuza kwa sabuni jamani, dada akaipokea hajauliza kitu, siyo yametoka wapi, siyo umechota saa ngapi, siyo kwenye tenki au kisimani. Elfu 40. Siku tatu nikapata karatasi ina mistari minne: pH, TDS, rangi, ukungu wa maji. Chini kuna muhuri mkubwa kuliko majibu, "MAJI YANAFAA KWA MATUMIZI". Matumizi gani? Kufulia? Kunywa? Kuoshea gari? Nikawaonyesha wapangaji, yule mama akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu zaidi, akanirudishia bila kusema neno. Nyota 1, na hiyo ni ya muhuri.

Ya pili ndo ninayoipa 3 na nusu, na hapa ntakaa kidogo maana ndo penye mambo.

Tofauti ilianza kwenye simu. Nilisema nataka kupima maji, yule dada (msichana tu, ila nilimwita dada mpaka mwisho na yeye ananiita mama) akaniuliza: unataka kujua kama maji yanafaa kunywa, au unataka kujua kama dampo linaingia kwenye kisima? Nikasema si ni kitu kimoja? Akasema hapana mama, ni vitu viwili na vipimo vyake si sawa, bei pia si sawa. Hilo swali peke yake lina thamani ya nauli yangu.

Akaja mwenyewe. Na deli. Ndio, deli kama la wauza barafu, ndani lina barafu kweli na chupa za aina nne. Kitu cha kwanza akauliza maji yanakaa mita ngapi chini, nikamwambia fundi alisema 17. Akapiga hesabu kwenye kiganja cha glovu: bomba la inchi 5 linabeba karibu lita 12 na nusu kila mita, una mita 31 za maji humo, ni kama lita 390, na hayo ni maji yaliyosimama, yamekaa na bomba na hewa, hayakwambii kilichopo ardhini. Inabidi tuyatoe mara tatu. Pampu yangu inatoa lita 45 kwa dakika, kwa hiyo dakika 26 maji yanamwagika tu. Wapangaji wakatoka na ndoo, wengine wakanuna eti mimi nawakataza wasifungulie koki usiku leo naogesha barabara. Muda wote huo yeye kaweka mashine yake kwenye ndoo anasoma joto, pH na ule umeme wa maji, anaandika kila dakika tano, mpaka namba zikaacha kucheza. Ndo akasema sasa haya ndo maji ya ardhini.

Hakuchota kwenye tenki. Akamfanya fundi wangu afungue kiungio kabla ya tenki, akapangusa kwa spiriti (kwa kawaida wanachoma na moto ila koki yangu ni ya plastiki ingeyeyuka akacheka), chupa ya vimelea ni ya glasi imechemshwa maabara haifunguliwi mpaka sekunde ya mwisho na husuuzi. Chupa ya kupimia metali ina tone la asidi ndani, kazi yake ni kuzuia risasi na wenzake wasijigande kwenye ukuta wa chupa, maana bila hiyo unapima maji huku ulichokitafuta kimebaki kwenye plastiki. Sasa fikiria ile chupa yangu ya soda. Zote zikaingia kwenye barafu na akaondoka mbio sababu vimelea vinatakiwa kuanza kupandwa siku hiyohiyo. Ndo maana Ijumaa hawachukui sampuli, majibu yangesomwa Jumamosi na hakuna mtu. Hilo lilinikera mwanzoni nikaona uvivu, baadae nikaona ni afadhali wanaokwambia hawachukui kuliko wanaopokea wakaweka mezani.

Wakati maji yanamwagika nikamuuliza hiyo tofauti ya vipimo. Alinieleza vizuri mno, nitajaribu kurudia kwa maneno yangu. Mvua ikinyesha kwenye dampo maji yanapita kwenye taka yanatoka chini meusi, mazito, mimi nayaita mchuzi wa dampo. Dampo la kisasa linakuwa na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na plastiki nene chini na mabomba ya kuukusanya ule mchuzi, dampo la kumwaga tu halina, unazama. Ndani yake kuna kloraidi nyingi, potasiamu, na amonia kwa wingi, hiyo amonia inatoka kwenye mabaki ya vyakula na haiishi haraka, dampo linaweza kufungwa wakapanda na nyasi juu likaendelea kuitoa miaka na miaka. Na ule uozo unakula hewa yote iliyoko kwenye maji ya ardhini. Hewa ikiisha, chuma na manganizi vilivyokua vimetulia kwenye mchanga vinaanza kuyeyuka, ndo unapata maji yanatoka meupe kisimani halafu yakikaa kwenye ndoo yanakuwa na kutu. Naitreti nayo inaliwa inapotea.

Choo ni kinyume chake hivi. Mkojo na kinyesi nao vina amonia ila karo likiwa kwenye mchanga wenye hewa, ile amonia inageuka naitreti ikiwa njiani. Kwa hiyo ukikuta naitreti juu, amonia hakuna, na vimelea vipo, geuka nyuma uangalie choo chako. Ukikuta amonia, chuma, kloraidi na potasiamu vimepanda pamoja na naitreti hakuna, angalia juu kwenye dampo. Akasema si sheria ya Musa, kuna karo linalovuja sana linafanana na dampo, na huku Dar kuna kloraidi ya bahari kwa wanaokaa karibu na pwani, wakipampu sana maji ya chumvi yanawafuata. Sisi tuko juu mbali na bahari kwa hiyo hilo tukaliweka pembeni. Mimi nilikua natingisha kichwa tu. Moyoni nilishaandaa kesi dhidi ya dampo.

Majibu siku ya tisa. Naitreti 71 (hizi namba ni miligramu kwa lita), na mwisho wa WHO ni 50. E. coli, yaani vimelea vya kinyesi, 14 kwenye mililita 100, inatakiwa sifuri. Amonia chini ya 0.05 yaani hakuna. Kloraidi 160. Chuma kipo kidogo. Nikasoma mara tatu. Nikatoka nje nikaangalia karo langu. Nikachukua futi ya fundi. Mita 11.

Mita 11! Wataalamu wanataka angalau 30. Na ni mimi niliyemwambia mchimbaji achimbe pale ili niokoe bomba la kufikia tenki, tena naona namsikia ananiuliza mama choo kiko wapi namjibu kiko mbali hicho. Kwa hiyo nimelipa pesa yote ile kulishtaki dampo, mshtakiwa nimemjenga mimi mwenyewe kwa tofali zangu. Baba Shadya alicheka mpaka akakaa chini.

Haya sasa risasi. Kwenye safu ya metali nzito, risasi wameandika ND, kadimiamu ND. Nikafurahi, ND maana yake haijaonekana. Mwanangu anayesoma chuo ndo akaniuliza, mama haijaonekana na mashine inayoona kuanzia wapi? Sikujua. Nikapiga simu, mapokezi yule kaka ananiambia "ND ni safi mama, usijisumbue na vya kitaalamu". Nikasema nisumbue. Nikazungushwa siku mbili, mwisho nikampata yule dada kwenye simu yake, akaangalia, akanyamaza kidogo, akasema mashine waliyotumia siku hiyo inaanza kuona risasi kwenye 0.05. Na kiwango cha WHO ni 0.01. Mmeelewa? Yaani maji yangu yangekua na risasi 0.04, mara nne ya kinachoruhusiwa, karatasi bado ingeandika ND na mimi ningeibandika ukutani. Ni kama kumtafutisha sindano mtu aliyesahau miwani, akikwambia hajaiona hajakudanganya, ila usivue viatu.

Kwa haki yao, walikubali kosa la kutoandika kiwango cha mashine, sampuli yenye asidi walikua bado wanayo (hiyo inakaa miezi haiharibiki), wakairudia kwenye mashine nyingine inayoona kidogo zaidi, ikatoka 0.004. Salama. Ila walinitoza nusu bei ya kipimo! Kosa lenu, hela yangu. Hapo ndo nyota moja nzima ilikufa, wakairudisha nusu kwa uungwana wa yule dada. Kwa hiyo wewe unayeenda kupima, kabla ya kulipa uliza kila metali mashine inaona kuanzia ngapi, na waandike kwenye karatasi. Kama inaanza juu ya kiwango kinachoruhusiwa, usilipie.

Na karatasi yenyewe ni Kiingereza kitupu. Kurasa mbili, hakuna mstari hata mmoja wa kusema sasa fanya nini. Mteja anayechimba kisima uswahilini unampa majibu ya lugha ya mahakama ya wapi? Mengi niliyoyaandika hapa niliyapata kwa mdomo wakati maji yanamwagika. Angekuja mtu mwingine asiyependa kuongea ningebaki na namba tu.

Sasa Mama Jeni. Yeye ndo mwenye 1,240, na alivyoona yangu ni choo akasema na mimi nipime ya kwangu. Amonia 2.8. Kloraidi 390. Chuma juu, naitreti karibu na hakuna. Nikaona haya, hili si ndo lile la dampo alilosema? Nikampigia dada nikiwa na furaha kabisa ya kipuuzi, kama mtu aliyeshinda. Akakataa. Akasema mama, kisima kimoja kilichoharibika kinaonyesha kimeharibika, hakionyeshi nani kakiharibu. Unahitaji kujua maji yalikua vipi kabla hayajapita chini ya dampo. Akasema wenzetu Ulaya sheria yao ya madampo ya 1999 inataka angalau kisima kimoja cha kupimia upande maji yanapoingilia na viwili upande yanapotokea, na Marekani tangu kanuni zao za 1991 wanapima mara mbili kwa mwaka na wanaendelea miaka 30 baada ya dampo kufungwa. Thelathini. Sisi dampo likifungwa watu wanaanza kupima viwanja.

Nitoke nje ya mada kidogo. Wa Tabata mnaojua historia, 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo na wakashinda, mahakama ikaamuru taka zisimwagwe tena pale. 1991 wa Kunduchi Mtongani nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakashinda. Moshi, harufu, nzi, ndo yaliyowapeleka kule. Dampo likahama Vingunguti, likahama Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi. Malori yanahama jamani. Mchuzi ulioshazama hauhami, unatembea polepole huko chini taratibu na watu juu wanajenga na kuchimba visima, na sidhani kuna anayeuliza kabla ya kununua kiwanja hapa zamani palikua nini.

Turudi. Tukachanga kaya tano. Kisima cha upande wa juu, kabla maji hayajafika dampo, tulikipata kwa mzee mmoja mwenye shamba la mihogo, tulienda na shikamoo na kilo mbili za sukari, akakubali ila akasema mkikuta kibaya msiniambie. Ili kujua maji yanaelekea wapi dada akasema tunahitaji visima vitatu vilivyokaa pembetatu, tujue kimo cha ardhi na maji yako mita ngapi chini kwa kila kimoja, visipampiwe usiku mzima. Mpimaji wa ardhi alitaka laki 3. Fundi wetu wa ujenzi akasema laki 3 ya nini, akaleta mpira wa levo, ule wa maji wanaolinganishia msingi, wakahama nao kutoka mti hadi mti, ukuta hadi ukuta, kutwa nzima jua kali na watoto nyuma kama wanafuata harusi. Kwa mabonde na mteremko mrefu hiyo njia lazima ina makosa, dada mwenyewe alisema, ila tofauti tuliyopata ilikua kubwa kuliko makosa.

Na ndo tukagundua kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Maji ya chini hayafuati mteremko wa juu kama tulivyodhani, yanakunja kwenda upande wa kwa Mama Jeni. Kwanini? Pale jirani yake kuna jamaa wa kufyatua tofali, pampu yake inawaka asubuhi mpaka jioni, ameshusha maji pale kiasi kwamba anayavuta ya upande wote ule. Mimi niliye jirani kabisa nimepona kwa sababu ya tofali za mtu. Sikujua nicheke au nini. Ya mzee wa mihogo yalitoka: amonia hakuna, kloraidi 45. Kwa hiyo juu 45, chini 390. Dada bado hakusema dampo. Alisema "inaelekeza huko", na akasema turudie kwenye masika maana hii tumepima Oktoba ardhi ikiwa kavu, mvua kubwa inaweza kusukuma zaidi au kuchanganya yakapungua, vyovyote iwavyo namba mbili za misimu miwili ndo mtu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu au NEMC (wale wa mazingira) atakaa chini aongee na nyie. Mwanzoni nilimuona muoga. Sasa hivi naona ndo kitu kilichonifanya niwaamini, maabara ya kwanza ilinipa muhuri kwa mistari minne, hii imekataa kunipa sentensi moja kwa mistari 22.

Bei, maana najua mnasubiri hapo. Kifurushi cha kunywa ni elfu 95, cha dampo chenye metali ni laki 2 na 40, usafiri wa kuja kuchota elfu 30 kwa safari na siyo kwa kisima, kwa hiyo mkiwa watano mnagawana. Wanalipisha kwa simu na risiti ya EFD unapewa bila kuomba. Ukitaka kupunguza zaidi, mkubaliane hivi kama sisi: mmoja tu apime kila kitu, wengine wapime amonia, kloraidi, naitreti, chuma na vimelea, halafu atakayeonyesha dalili ndo aongezewe metali. Na kila mtu anunue daftari la kalamu ya TDS.

Nyumbani kwangu nimeacha kuuza maji ya kunywa, nauza ya kufulia na kuogea na nimeandika kwa chaki ukutani. Kuna mpangaji ana mtoto wa miezi mitatu anayekunywa maziwa ya kopo, huyo nilimfuata chumbani siku hiyohiyo ya majibu, maana naitreti kwa kichanga ni mbaya, damu yake inashindwa kubeba hewa, na kuchemsha hakusaidii, kuchemsha kunaua vimelea tu halafu maji yakipungua naitreti inabaki imekolea zaidi. Alikua anachemsha mara mbili maskini akijua ndo usalama. Sasa anachukua ya bomba la DAWASA kwa jirani. Karo jipya linachimbwa upande wa pili, mita 34 nimepima mwenyewe mara mbili, la zamani fundi ataliondoa uchafu na kulijaza. Dada anasema naitreti itachukua miezi mingi kushuka, nisikimbilie kupima kila wiki nikamaliza hela.

Mama Jeni yeye kafunga pampu kabisa. Jamaa wa tofali hatujamwambia bado, tunasubiri masika, maana akizima pampu yake leo maji yanaweza kugeuka kuja kwangu.

Awamu ya pili tumeshalipia nusu, mwezi wa tano. Tuliomba Ijumaa sababu fundi yupo, wamekataa. Ni Jumatano.